Joto Lisilotoka Juani: Mama Mfanyakazi na Kukoma kwa Mwezi



Ukurasa huu umezoea kusema juu ya kaske, viatu vya usalama, mavumbi ya mawe na kamba zilizochakaa. Leo tunashika jambo ambalo halina kibao cha hatari ukutani, na ambalo wengi hulitaja kwa kunong'ona tu: kukoma kwa mwezi wa akina mama. Waganga wa lopitali huliita kwa Kifaransa menopozi. Kwa Kiswahili twasema kukoma hedhi. Akina baba wasikimbilie ukurasa wa michezo. Jambo hili liko katika ekipi yao, liko katika biro yao, na jioni wanalikuta nyumbani.

KWA NINI TUNALISEMA

Kwa miaka mingi kazi ya mgodi ilihesabiwa kuwa ya wanaume, na haikuwa desturi tu, ilikuwa sheria. Mwaka 1935 Shirika la Kazi la Kimataifa, huko Geneva, lilipitisha mkataba namba 45 uliokataza wanawake kufanya kazi chini ya ardhi katika migodi. Mkataba huo ulifutwa na shirika lenyewe mwezi wa Juni 2024 tu. Hapa kwetu Kongo, sheria ya jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume wake kabla ya kujifunga kwa kazi. Sharti hilo liliondolewa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Kwa hiyo si ajabu kwamba salopeti, latrini, masaa ya zamu na vyumba vya kubadilishia nguo vilipangwa na watu waliomfikiri mfanyakazi mwanaume peke yake.

Leo akina mama wako katika biro za komini ya Makiso, wako katika maabara, kwenye mizani, jikoni, dispanserini, katika depo, na huko pori upande wa Bafwasende na Banalia wako kwenye uchimbaji wenyewe. Na wakati hauwangojei. Mama aliyekuwa na miaka 25 wakati wa vita ya siku sita, Juni 2000, mizinga ya majeshi mawili ya kigeni ilipoanguka juu ya mji wetu, sasa amefika miaka 50 au ameipita. Huyo ndiye anayejua daftari la depo kwa kichwa. Huyo ndiye wanayemwuliza vijana mashine ikikataa kuwaka. Akiacha kazi kwa sababu hakuna aliyemwelewa kwa miaka mitatu ya taabu, kampuni inapoteza miaka 25 ya ujuzi, na nyumba yake inapoteza mshahara wakati watoto wanamaliza masomo.

NI KITU GANI HASA?

Kukoma kwa mwezi si ugonjwa, na wala si laana ya mtu. Mtoto wa kike anazaliwa na akiba yake yote ya mayai, ambayo yanahesabika kwa mamia ya maelfu, hata kupita milioni. Ni kama depo iliyojazwa siku moja tu: baada ya hapo vinatoka, havipokelewi vingine. Kila mwezi mengine yanatoka, mengi zaidi yanakufa yenyewe, mpaka akiba inakaribia kwisha. Kwa wanawake walio wengi hilo linatokea kati ya miaka 45 na 55. Vifuko vya mayai vinapochoka vinapunguza homoni inayoitwa estrojeni, na homoni hiyo haikuwa na kazi ya uzazi peke yake. Inafanya kazi katika mifupa, ngozi, mishipa ya damu, usingizi, na ndani ya ubongo.

Haiji kwa siku moja. Mara nyingi kuna kipindi cha kugeuka cha miaka kadhaa, ambapo mwezi unachelewa, unarudi mara mbili kwa mfululizo, unapotea miezi mitatu, kisha unakuja kwa nguvu kama mto uliofurika. Mama anahesabiwa kuwa amekoma mwezi baada ya kupita miezi 12 mfululizo bila damu. Kwa wengine huja mapema. Mvutaji wa sigara hutangulia kwa mwaka mmoja au miwili. Aliyepasuliwa akaondolewa vifuko vyote viwili vya mayai huingia siku ile ile, bila maandalizi, na taabu yake huwa kali zaidi. Na mwanamke ambaye mwezi wake unakoma kabla ya miaka 40 anapaswa kwenda kwa mganga, maana hiyo ni mapema mno na mifupa yake inahitaji kulindwa. Anayetumia sindano ya kupanga uzazi asijipime kwa damu ya mwezi, kwa kuwa sindano yenyewe inaweza kuisimamisha.

Tuseme pia ukweli wa upande wa pili: wako akina mama wanaopita kipindi hiki bila taabu yoyote, wakashangaa tu kwamba vitambaa havihitajiki tena. Wengine wanasumbuka kidogo. Wengine wanasumbuka sana, na hao ndio tunaowaandikia.

ILE JOTO INATOKA WAPI

Dalili inayojulikana zaidi ni joto la ghafla. Katika ubongo kuna mahali padogo panapopima joto la mwili, kama kipimo cha joto kilichofungwa kwenye mtambo. Siku zote kipimo hicho kinaacha joto lipande na kushuka kidogo bila kupiga kengele. Estrojeni ikipungua, kinakuwa chepesi mno: joto likipanda kidogo tu, kinapiga kengele kana kwamba mtambo unaungua. Mwili unatii. Mishipa ya damu ya ngozi inafunguka, kifua na uso vinawaka, moyo unapiga mbio, jasho linatiririka. Baada ya dakika moja, au tatu, au tano, kengele inanyamaza. Mama anabaki amelowa, na mara nyingine anatetemeka kwa baridi.

Hapo hakuna homa. Ukimwekea kipimo cha homa utaona kwamba hana kitu. Ndiyo maana wengine wanamwambia anajifanya.

Kisangani inaongeza mzigo wake. Mji wetu uko karibu kabisa na mstari wa ikweta, mita 400 hivi tu juu ya bahari, katikati ya msitu na kando ya mto mkubwa. Hewa yetu ina maji mengi. Jasho linapoza mwili wakati linapokauka, lakini hapa halikauki upesi. Linabaki katika shati. Mama wa nchi kavu hupata joto lake na upepo unamsaidia. Mama wa Makiso aliyeshuka kwenye toleka saa moja na nusu, akapanda ngazi mpaka biro isiyo na feni, anaanza siku akiwa amekwisha lowa kabla ya joto la kwanza kumfikia.

Linadumu muda gani? Uchunguzi mkubwa uliotangazwa Marekani mwaka 2015 ulionyesha kwamba kwa nusu ya wanawake wanaosumbuliwa mara kwa mara, joto hilo lilidumu zaidi ya miaka 7. Kwa nusu ya wanawake weusi wa huko, zaidi ya miaka 10. Kwa hiyo mkubwa wa kazi anayesema «tungojee, litapita» angepaswa kuuliza kwanza atangoja mpaka lini.

Pamoja na joto huja mengine: jasho la usiku, usingizi unaokatika saa nane na kukataa kurudi, maumivu ya viungo, kichwa kuuma, hasira au huzuni isiyo na sababu, kusahau jina la mtu uliyefanya naye kazi miaka kumi, ukavu na maumivu wakati wa kukutana na mume, na kwenda haja ndogo mara kwa mara.

HAPA NDIPO USALAMA UNAPOINGIA

Tuchukue mfano. Mama anaendesha mashine, ana miaka 49, hajapata ajali hata moja. Usiku wa kwanza ameamka mara nne kubadilisha kitenge kilicholowa. Usiku wa pili hivyo hivyo. Siku ya tatu anapanda mashine saa kumi na mbili asubuhi na usingizi wa masaa manne. Sote tunajua usingizi unafanya nini kwa mtu anayeshika usukani: jicho liko wazi lakini mkono unachelewa. Tunajua hivyo kwa mwanaume aliyelala msibani, na tunamwambia apumzike. Mama aliyekosa usingizi kwa sababu ya homoni ana mkono uleule unaochelewa. Kinachokosekana ni mtu wa kumwuliza.

Mfano mwingine. Mama wa maabara amevaa salopeti, miwani, glavu na kitambaa cha mdomo. Joto linamshika. Anachotaka kwa nguvu zote ni kuvua kila kitu palepale. Na hapa ukurasa huu unasema bila kuzunguka: usivue kaske wala kitambaa cha mavumbi mahali pa hatari, hata kwa dakika moja. Weka chini ulichoshika, zima mashine kama inazimika bila madhara, mwambie mwenzako, toka mpaka mahali salama, ndipo ufungue vifungo. Lakini amri hii inafaa tu kama mkubwa wa kazi ameruhusu mbele ya wote kwamba mtu anaweza kutoka dakika tano bila kuandikwa. Kama kutoka ni kosa, mama atavua kitambaa ndani ya mavumbi, na mavumbi ya mawe hayaulizi mtu ana miaka mingapi.

Kuna kosa jingine la wakubwa wa kazi, na limekwisha kuharibia watu jina. Mama ana uso mwekundu au unaong'aa jasho saa tatu asubuhi, anasahau neno alilotaka kusema, anajibu kwa ukali. Shefu anafikiri: amekunywa. Au: amekuwa mvivu tangu watoto wake walipokua. Anaandika barua ya onyo. Bwana shefu, kabla ya kushika kalamu, mwite mama huyo peke yake, si mbele ya ekipi, umwulize kama analala vizuri na kama kuna kitu cha kazi kinachozidisha taabu yake. Si lazima umtajie neno menopozi. Akitaka kulitaja atalitaja mwenyewe. Kama ni vigumu kwake kusema na mwanaume, awepo mama mmoja anayeaminiwa, muuguzi wa dispanseri au delege wa sendika, wa kupokea neno lake.

MAMBO YASIYOHITAJI FEDHA NYINGI

Maji ya kunywa ya baridi karibu na kila mahali pa kazi; hiyo tunadai kwa wote, lakini kwake ni dawa. Feni, au meza iliyo karibu na dirisha. Salopeti ya pamba badala ya nailoni, na iliyo pana. Na ya pili katika kabati, ili aliyelowa abadilishe saa sita. Kitambaa kilicholoweshwa maji kwa ajili ya shingo.

Juu ya latrini tutakaa kidogo, maana watu wanaona haya kuizungumza na haya hiyo inaleta hasara. Katika kipindi cha kugeuka, damu inaweza kuja bila kutangaza, na kwa wingi unaopita kitambaa na nguo. Mama ambaye latrini iko mbali, au haina maji, au haina mlango unaofungwa, ana njia mbili tu: kukaa kimya katika nguo zilizochafuka, au kukosa kazi. Wengi huchagua kukosa kazi, na sababu inayoandikwa ni «malaria». Tukijenga latrini ya akina mama yenye maji, sabuni, ndoo yenye kifuniko na komeo la ndani, tutaona ile malaria inapungua.

Zamu ya usiku nayo iangaliwe. Hatusemi mama wa miaka 50 asifanye kazi ya usiku. Wengine wanaipenda kwa sababu ya ubaridi. Tunasema kwamba anayeamka kila saa asipangiwe usiku leo, asubuhi kesho, na usiku tena keshokutwa. Ratiba isiyogeukageuka inasaidia usingizi kuliko kidonge.

Na mizaha. Kumwita mama «aliyekauka», kumpepea kwa karatasi huku ekipi inacheka, kusema kwamba sasa amekuwa mwanaume. Yule anayecheka hajui kwamba nyumbani kwake huenda mke wake analia kwa neno hilohilo.

SI KILA JASHO LA USIKU NI LA KUKOMA MWEZI

Tafadhalini, wasomeni mistari hii hata wanaoharakisha.

Katika Tshopo malaria haina likizo; iko mwaka mzima. Mwenye joto pamoja na homa ya kweli kwenye kipimo, maumivu ya mwili na kutapika, aende kupimwa damu siku hiyo hiyo. Asijiambie kwamba ni umri.

Kifua kikuu pia kinatoa jasho la usiku. Katika jamaa za mgodi tunakiogopa zaidi, maana mapafu yaliyoharibiwa na mavumbi ya mawe hushikwa nacho kwa urahisi, na anayekohoa anawaambukiza wa nyumbani. Kikohozi cha zaidi ya majuma mawili, kupungua uzito, jasho la usiku: apimwe makohozi, awe mama, awe baba.

Mwezi kukosekana kwa mama wa miaka 46 kunaweza kuwa mimba. Imetokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Waganga wanashauri kuendelea na njia ya kuzuia mimba mpaka upite mwaka mmoja mzima bila damu kwa aliyevuka miaka 50, na miaka miwili kwa aliye chini ya hapo.

Damu nyingi za kila mara huleta upungufu wa damu. Mama anachoka, anahema akipanda ngazi, anaona kizunguzungu. Huyo asipande ngazi ndefu wala jukwaa la juu mpaka apimwe.

Na hili ni kubwa kuliko yote: damu inayorudi baada ya miezi 12 ya kukoma, hata tone moja, si mwezi uliorudi. Wako akina mama wanaofurahi wakisema ujana umewarudia. Mara nyingi sababu yake ni ndogo, lakini inaweza kuwa saratani ya mji wa mimba au ya mlango wake, na saratani iliyoonwa mapema ina dawa ambayo ile iliyochelewa haina. Damu baada ya kukutana na mume ni onyo lilelile. Usingoje mshahara wa mwisho wa mwezi. Dispanseri itakupa karatasi ya kwenda kwa mganga wa akina mama, kama ni katika Lopitali Kuu ya Makiso-Kisangani au kwenye Kliniki za Universite ya Kisangani.

DAWA NA CHAKULA

Dawa zipo. Ile inayorudisha homoni iliyopungua ndiyo inayotuliza joto kuliko nyingine. Mwaka 2002 uchunguzi mmoja wa Marekani ulitisha ulimwengu kwa sababu ya saratani ya titi na kiharusi, na wanawake wengi wakaiacha. Baadaye hesabu zilipoangaliwa tena kwa umri, ilionekana kwamba kwa mwanamke mwenye afya, aliye chini ya miaka 60 au ambaye hajapita miaka 10 tangu kukoma kwa mwezi, faida mara nyingi inazidi hatari. Lakini aliyewahi kupata saratani ya titi, damu kuganda katika mshipa, ugonjwa mkali wa ini, au damu isiyojulikana sababu yake, haimfai. Kwa hiyo mganga ndiye wa kuamua baada ya kumpima. Kidonge cha jirani, au kile cha sokoni kisicho na karatasi, msikinunue. Ziko pia dawa zisizo za homoni, ambazo mganga anaweza kuzifikiria.

Juu ya majani ya mganga wa kienyeji, hatuwatukani wazee wetu. Tunaomba moja tu: mwambie mganga wa lopitali unachokunywa, maana mengine yanapigana na dawa za tensheni.

Kwa chakula hatuna mengi ya kuongeza. Estrojeni ikiisha mifupa inapoteza nguvu, na kinachoijenga tunacho sokoni: ndakala wanaoliwa na mifupa yao, sombe, maharage, soya. Kutembea kwa miguu kunaimarisha mifupa. Kwa kazi nyingi za mgodi hilo halihitaji mahubiri, lakini mama wa biro angeacha toleka siku mbili kwa juma. Pilipili, pombe na chai ya moto sana huwasha joto kwa wengine. Kila mmoja ajichunguze. Sigara iachwe. Tensheni ipimwe, maana baada ya kukoma kwa mwezi moyo wa mwanamke unapoteza sehemu ya ulinzi aliokuwa nao.

NYUMBANI

Baba, mke wako akiamka usiku wa manane, akafungua mlango, akakaa uani kutafuta hewa, usimwache peke yake na macho ya majirani. Katika kartie zetu mama mzee anayeonekana nje usiku husemwa upesi, na maneno yanayoanza kwa mkwe au kwa mtoto wa jirani yanaweza kufika kwenye neno uchawi. Tunajua yanapoishia. Mwanaume anayeweza kusema kwa sauti kwamba mke wangu anasikia joto, waganga wameeleza, amemlinda kuliko ukuta wa matofali. Hata wanangu wakubwa waelezwe. Si siri ya aibu.

Wako waume wanaosema kwamba mwanamke aliyekoma mwezi amemaliza kazi ya ndoa, kwa hiyo watafute mdogo. Kukoma kwa mwezi kumemaliza mimba tu. Kama kukutana kunamwumiza, hiyo ni kwa sababu ya ukavu, na ukavu una dawa ndogo inayopakwa. Kumlazimisha kunaongeza maumivu na kunaondoa hamu.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyosahihishwa tarehe 15 Julai 2016, inamlinda mama mjamzito na mwenye kunyonyesha: majuma 14 ya pumziko la uzazi, na nusu saa mara mbili kwa siku kwa kumnyonyesha mtoto. Ulinzi wa namna hiyo umefuata uzazi. Lakini mama aliyemaliza kuzaa hajaachwa mikono mitupu. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri atunze afya ya mfanyakazi na jamaa yake, na inataja jinsia ya mtu kati ya mambo yasiyoweza kuwa sababu halali ya kumwondoa kazini. Inatambua pia kamati ya usalama na usafi mahali pa kazi, na hapo ndipo delege anapoweza kuleta mambo ya feni, maji na latrini.

Jirani zetu wa Zambia, watu wa migodi kama sisi, wameandika katika sheria yao ya kazi ya mwaka 2019 kwamba mfanyakazi mwanamke anaweza kukosa kazi siku moja kila mwezi bila karatasi ya mganga na bila kuulizwa sababu. Wanaiita Siku ya Mama. Haikuulizwa kama bado anaona mwezi au la. Uingereza, mwaka 2023, shirika lao la viwango lilitoa mwongozo mzima kwa waajiri juu ya hedhi na kukoma kwake kazini. Siku moja ya ruhusa ni jambo zuri. Ukurasa huu lakini ungechagua kwanza feni na latrini, kwa sababu hizo zinafanya kazi siku zote 30.

Mama anayesoma akajiona katika mistari hii anaweza kuanza kwa kuandika kwa majuma mawili katika daftari la mtoto: joto lilikuja saa ngapi, alikuwa wapi, amelala masaa mangapi, damu ilikuja lini. Daftari hilo linamsaidia mganga kuliko maelezo marefu, na ni la mganga peke yake. Shefu hana haki ya kuliomba. Kwa shefu maneno machache yanatosha: «Nina taabu ya afya inayoniletea joto na kunikosesha usingizi, dispanseri inaijua, naomba nikae karibu na dirisha na nisiwekwe zamu ya usiku mwezi huu.»